Mume wa Mama Riziki Hakuwa Mfungwa

Juzi Jumamosi, pale ukumbini tunapofanyia darasa letu la ukalimani, nilikuwa nawapitisha kwenye maneno ya mahakamani na magerezani. Mimi nasema kwa Kiswahili, nyinyi mnanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu. Nikamuuliza binti mmoja tofauti ya mfungwa na mateka. Akatabasamu. Huyu Kiswahili anakisikia tangu yumo tumboni mwa mama yake, ila kukisema ndiyo mtihani.

"Auntie Halima," akasema, "si ni the same thing tu? Mtu amefungiwa mahali, he can't leave."

Nikamwambia nitamjibu wiki ijayo. Mkacheka, mkadhani bibi kizee kasahau. Sikusahau, wanangu. Jibu lake ni refu na lina aibu yangu ndani yake, na aibu haisemwi vizuri mtu akiwa amesimama na kalamu ya ubao mkononi. Ndiyo maana nimeketi jikoni kwangu nawaandikia. Majina nimeyabadilisha. Mwenyewe mwenye kisa, yule ninayemwita Mama Riziki, nilikwenda kumuomba ruhusa, akanipa, na akanipa na maandazi juu yake.

Nianze na mwalimu wangu. Mzee Abdi alikuwa Msomali aliyekulia Nairobi, dereva wa teksi hapa Birmingham, na mkalimani kila alipoitwa. Mrefu, mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, mimi binti wa Tanga nikikidharau kimoyomoyo. Siku yangu ya kwanza kuingia gereza la Winson Green nilikwenda naye, yeye aketi pembeni anitazame. Tukaletewa Mkenya mmoja, mtu mzima mwenye mvi, anangoja kesi yake. Ofisa akataka nimsomee utaratibu wa mle ndani. Nikakohoa, nikaanza: "Wewe ukiwa mfungwa wa gereza hili..."

Sikufika mbali.

"Mfungwa nani? Mama, mimi sijafungwa! Niko rumande, kesi haijaskizwa! Ukitoka hapa uende kuambia watu umeona mfungwa, bibi yangu atabadilisha kufuli ya nyumba!"

Alikuwa na haki. Aliye rumande ni mahabusu, na mahabusu bado ni mtu wa watu, hakimu hajamwambia neno. Nikamwomba radhi. Tulipotoka nje Mzee Abdi alikuwa anacheka mpaka kofia inamvuka. Ndani ya teksi akaacha kucheka. Akaniambia, "Halima, wewe umebeba sahani ya watu. Usionje njiani, na usiongeze chumvi. Na kama hujui sahani ni ya nani, simama uulize." Amekufa sasa, Mungu amrehemu. Kuna siku napita karibu na kituo chake cha teksi nikiwa na mfuko wa viazi mkononi, na natamani kumsikia akinitukana tu.

Mnaniuliza kila mara siri ya kazi hii. Siri zenyewe ni ndogo ndogo. Chukua kalamu mbili. Usinywe chai nyingi, maana hakuna hakimu atakayesimamisha kesi kwa ajili ya kibofu chako. Usimuulize mtu anatoka wapi, muulize alikulia wapi: Mkongo aliyekulia kambini Tanzania anaongea kama mtu wa Kigoma, na Mzee Abdi, Msomali, alikuwa Mnairobi kuliko Wakikuyu. Ukitaka kusema jambo lako mwenyewe mbele ya wakili, usiseme "mimi". "Mimi" ni mali ya mteja. Wewe sema, "Mkalimani anaomba kuuliza." Utajisikia mjinga mwanzoni, utazoea. Na usikae na mteja kwenye ujia kabla ya kazi, wala usipande naye basi moja baada ya kazi. Hilo la mwisho nililivunja, mtaona.

Na neno usilolijua liulize hapo hapo. Mimi zamani nilikuwa na kiburi cha Kitanga. Siku moja hospitalini mama wa Kikongo alisema tangu jana amekula sombe tu. Sikuwahi kulisikia neno hilo maishani mwangu, na sikutaka kuonekana sijui Kiswahili. Nikalisema vile vile kwa daktari, sombe, kwa sauti ya kitaalamu. Daktari naye akaniheshimu, akaandika, akaanza kulitafuta kwenye orodha ya dawa. Sombe ni kisamvu, majani ya muhogo! Mgonjwa alipoelewa tunachotafuta alicheka akashika kidonda. Hilo lilikuwa kosa la kuchekesha. Nimewaambia ili mjue kwamba kiburi kilekile, siku nyingine, hakikuchekesha.

Mama Riziki alikulia upande wa Fizi, mashariki ya Kongo. Alifika hapa peke yake, na njia aliyopitia si yangu kuisimulia. Kazi yake ilikuwa Tyseley, mtaa wa viwanda hapa mjini, kuchambua taka kwenye mkanda wa mashine, glavu mpaka kwenye viwiko. Watoto wake wawili, Riziki na Amani, walikuwa wamebaki na bibi yao kambini, Tanzania, na shida yake duniani ilikuwa moja tu: waje. Bibi alikuwa amezeeka, macho yanakwenda, na Riziki alikuwa anafika umri ambao mtoto wa kike kambini analala jicho moja wazi. Kila nilipomtazama Mama Riziki alikuwa anahesabu umri wa watoto wake kwenye vidole, kama mtu anayeogopa kuupoteza.

Wakili wake alikuwa binti wa Kiingereza wa Sutton Coldfield, anakuja mjini kwa treni na baiskeli ya kukunja, mtu mwema. Akamuuliza Mama Riziki, kupitia mimi, baba wa watoto yuko wapi. Mama Riziki akajibu taratibu:

"Watu ya silaha balikuja asubuhi. Bakachukua banaume, babebe mizigo yao ku pori. Bwana yangu balimuchukua mateka. Tangu siku ile hatuyue iko wapi."

Kwetu kila mtu anaelewa neno hilo. Hata mtoto wa chekechea wa Tanga angelielewa. Mimi ndiye niliyelitazama nikaona halinikai vizuri kwa Kiingereza. Nilikuwa nalijua neno la Kiingereza la mtu anayeshikwa ili watu watoe fedha, na huyu hakuna aliyedai fedha. Nililijua jingine, linanuka vitabu vya vita vya zamani. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka Winson Green, saa tatu nzima nikisema mfungwa, mfungwa, mfungwa. Neno lile lilikuwa bado la moto mdomoni. Nikalitoa. Nikasema mumewe ni mfungwa. Ningeweza kuomba dakika moja, nikaeleza kwa maneno saba badala ya moja. Wakili asingekasirika. Lakini wakalimani wazuri hawasiti, ndivyo nilivyojidanganya, nami nilipenda sana kuitwa mzuri. Wakili akaandika, na maelezo yakaenda ofisi ya uhamiaji.

Miezi ikapita. Ofisi ile ikajibu kwa barua, na barua ilikuwa na akili zake, siwezi kuilaumu. Imeandikwa kwamba baba wa watoto ni mfungwa. Basi mfungwa yuko mahali panapojulikana, na ana mkono wa kutia sahihi. Iletwe karatasi ya gereza, na idhini ya baba kwamba watoto waje kwa mama yao.

Barua hiyo Mama Riziki alisomewa na mkalimani mwingine, kwa simu, dakika chache. Siku hizi ndivyo mambo yalivyo, wengi wenu mtafanya kazi mkiwa mmevaa ndala nyumbani. Simlaumu mwenzangu, alisoma kilichoandikwa: baba wa watoto yuko gerezani, leteni karatasi. Lakini angekuwa chumbani angeuona uso wa yule mama. Mama Riziki hakusikia kwamba anaombwa karatasi. Alisikia kwamba serikali ya Uingereza, yenye ndege na kompyuta na kila kitu, imemtafuta mume wake, na imempata.

Sisi wa Tanga tusingefanya alichofanya. Kwao, mtu akiwa gerezani, anakula kinachopikwa na ndugu zake. Asiye na ndugu anakaa na njaa yake. Kwa hiyo habari ya gereza kwa Mama Riziki haikuwa habari mbaya hata kidogo. Miaka yote hakuweza kumfanyia mume wake jambo lolote, sasa anaweza kumpikia. Alimpigia simu mdogo wake, Mapendo, aliye katika mji wenye gereza huko kwao. Mapendo akapika fufu, ugali wao wa muhogo, na mboga, akafunga sufuria kwa kitenge, akaenda getini, akataja jina la shemeji yake. Wakaipokea sufuria. Ikarudi haina kitu.

Akaenda tena. Ikarudi haina kitu. Kuhusu karatasi wakamwambia asubiri, mkubwa hayupo. Kumuona mtu mwenyewe, asubiri pia. Lakini sufuria inaingia imejaa na inatoka tupu. Miezi mitatu hivyo.

Mimi sikujua lolote. Nikaitwa kwa wakili tena, nikamkuta Mama Riziki kwenye ujia, amevaa blauzi mpya ya kijani, amesuka nywele. Sikuwahi kumuona amesuka. Akanishika mikono yote miwili.

"Mama Halima, Mungu iko! Bamemuona!"

"Nani?"

"Bwana yangu! Serikali ya hapa bamemuona, iko ku gereza. Mapendo anamupelekea chakula, sufuria inarudi haina kitu. Iko anakula, mama. Iko muzima!"

Akanipa barua niisome. Wakili alikuwa ameunganisha nakala ya maelezo yetu ya kwanza nyuma yake, na pale kwenye mstari wa nne lilikuwepo neno langu. Nikaketi kwenye kiti cha watu wengine.

Nitawaambia ukweli, maana niliahidi jibu. Nilitaka kunyamaza. Nilimtazama yule mama na misuko yake, nikasema moyoni, ni nani mimi nimvue hii furaha? Na nilijifikiria mwenyewe pia, jina langu, miaka yangu. Ninyamaze kidogo tu, karatasi isipopatikana watadhani ni uzembe wa gereza la kule. Lakini karatasi isingepatikana milele, na bila hiyo Riziki na Amani wasingekuja, na kambini hapakuwa na muda wa kusubiri adabu zangu. Kwetu wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikaingia chumbani na Mama Riziki, nikaketi, na kabla wakili hajafungua faili nikasema kwa Kiingereza: "Mkalimani anaomba kusahihisha kosa lake."

Nikamweleza wakili. Kisha nikamgeukia Mama Riziki, na hapo sikuwa na pa kujificha nyuma ya "mkalimani". "Mama Riziki," nikamwambia, "siku ile wewe ulisema mateka. Mimi nikaandikisha mfungwa. Hakuna mtu aliyemuona mumeo gerezani. Hawa walisoma neno langu wakaliamini, na wewe ukawaamini wao. Kosa ni langu."

Hakulia. Akauliza:

"Sasa ni nani iko nakula chakula yangu?"

Sheria ni sheria, kinachosemwa chumbani kinatafsiriwa, nami nikamgeukia wakili nikalitafsiri swali hilo. Binti wa watu akaweka kalamu chini. Akanywa maji. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba maelezo mapya hawezi kuyapeleka kwa maneno ya mkalimani, ni lazima mteja mwenyewe athibitishe kwamba mume wake hakufungwa, alichukuliwa, na hajulikani alipo. Basi nikalazimika kumuuliza, kwa mdomo uleule.

Mama Riziki alikuwa anavua glavu ambazo hakuzivaa, anavuta kidole kimoja kimoja. Nilijua anachoambiwa achague. Akisema ndiyo, mume wake anarudi porini, hapo hapo, mbele yetu. Akisema hapana, watoto wanabaki.

"Mufungwa," akasema hatimaye, "balimuandika ku kitabu. Iko na siku yake ya kuingia, iko na siku yake ya kutoka. Bibi yake anajua mulango ya kugonga. Bwana yangu habakumuandika fasi yoyote. Hakukosea mutu. Hakuna hakimu. Hakuna mulango. Miye njo kitabu yake." Akajigusa kifua. "Andika mateka."

Nilitafsiri neno kwa neno, polepole, na nilipofika kwenye mateka sikutafuta neno moja. Nilisema ni mtu aliyechukuliwa kwa nguvu na wenye silaha, asiye na shtaka, ambaye watu wake hawajui alipo wala kama yu hai, na wanaendelea kumngoja. Wakili akaandika yote. Hayo ndiyo majibu yako, binti yangu wa Jumamosi.

Barua ya kukubaliwa ilichukua muda, lakini ilikuja. Watoto walifika wakati wa baridi, Riziki akiwa mrefu kuliko mama yake. Sasa anafanya kazi ya uuguzi na anamjibu mama yake kwa Kiingereza kama nyinyi wote. Mimi niliandika mwenyewe barua ya kujishtaki kwa waliokuwa wananipa kazi, wakanikaripia, nikaendelea miaka mingine. Tangu nistaafu simu yangu hailii. Nyinyi mnaona kustaafu ni raha, mimi naitamani ile saa ya asubuhi mtu anapofungua mdomo na hujui atasema nini, na dunia yake yote inapita kooni kwako. Naikumbuka mpaka inauma. Simu zenu sasa zinatafsiri zenyewe, nimeijaribu ya mjukuu wangu: nikaiambia mateka, ikanipa neno moja, upesi, bila kuuliza. Nikaona inafanana na mimi wa siku ile.

Lakini ninachotaka mkijue zaidi ni mchana ule ule, baada ya kutoka kwa wakili. Nilipanda basi moja na Mama Riziki. Sikuweza kumwacha. Alikaa Winson Green wakati huo, nyumba ya vyumba viwili kwenye safu ndefu, ukuta wa gereza unauona ukisimama mlangoni. Tulipoingia jikoni akaweka simu mezani, akaifungulia sauti, akampigia mdogo wake.

"Mapendo," akasema, "bwana yangu haiko ku ile gereza."

"Nani alisema?"

"Miye. Hakufika pale hata siku moja. Tulikosea."

Alisema tulikosea. Nilikuwa nimeketi mbele yake, na angeweza kunitaja. Hakunitaja, na mimi hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza siku ile.

Tulisikia pikipiki zinapita upande wa Mapendo, na mtu anauza kitu.

"Leo pia nilipeleka," akasema. "Yaya, dada yangu, ile sufuria inarudi haina kitu, na inarudi safi. Kila siku banaisafisha na muchanga, inang'aa. Nikasema njo shemeji, unajua vile alikuwa anapenda usafi." Akauliza, "Basi niache?"

Mama Riziki alitazama mikono yake. Nilidhani atasema ndiyo, aache. Mimi ningesema hivyo.

"Usiache," akasema.

"Kwa nani sasa?"

"Kwa ule anasafisha sufuria. Anajibu jina ya mutu mwingine juu ya njaa, ni kusema hana mutu. Bibi yake labda iko fasi ingine, hayue mulango ya kugonga."

"Haya," Mapendo akasema. "Kesho nipike nini?"

Mama Riziki akafuta meza kwa kiganja, mara mbili, ingawa haikuwa na kitu.

"Samaki," akasema. "Bwana yangu anapenda samaki."